Sanduku la kesi ya Borden, Moshi: milango imepatiwa, saa zimekosewa

Mchezo huu wa upelelezi unakodishwa katikati ya mji wa Moshi, kwenye duka la vifaa vya ofisi: sh 15,000 kwa usiku mmoja, pamoja na amana ya sh 30,000 inayorudishwa sanduku likirudi kamili. Kesi ni ya kweli. Alhamisi ya tarehe 4 Agosti 1892, mjini Fall River, Massachusetts, Marekani, Andrew Borden na mke wake wa pili, Abby, waliuawa kwa kishoka ndani ya nyumba yao, asubuhi kweupe. (Kishoka cha kupasulia kuni, si yule wa kukuunganishia umeme.) Lizzie, binti wa Andrew mwenye miaka 32, alishtakiwa, akaachiwa huru tarehe 20 Juni 1893, na hakuna mwingine aliyewahi kushtakiwa. Kifuniko cha sanduku kimeandikwa "mapigo 40" kwa wino mwekundu. Hayo ni ya wimbo wa watoto uliotungwa kuhusu kesi hii. Abby alipigwa mara 18 au 19, Andrew mara 10 au 11.

Ndani mtakuta ramani mbili za nyumba, kadi za ushahidi 48, vibao 6 vya wahusika, saa ya mbao yenye mishale, pini nyekundu, uzi mweusi, bahasha 5 zilizofungwa na kichwa cha kishoka cha plastiki. Maelezo yanasema wachezaji 4 hadi 6. Watano ndio wanaokaa sawa, maana wa sita hupewa kibao cha Emma, dada mkubwa, ambaye siku ile alikuwa mji mwingine, Fairhaven, na hana la kufanya mpaka bahasha ya nne. Muda umeandikwa saa mbili. Tengeni tatu na nusu. Meza ndogo ya sebuleni haitoshi, ramani zote mbili zinatakiwa zionekane kwa pamoja.

Aliyechora ramani hizo anaijua nyumba, na hapo ndipo thamani ya pesa ilipo. Ghorofani hakuna korido, chumba kinafungukia chumba. Ngazi ni mbili, ya mbele na ya nyuma, na mlango kati ya chumba cha Lizzie na cha wazazi ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo aliyetaka kufika chumba cha wageni, alikouawa Abby, ilibidi apande kwa ngazi ya mbele. Kabla ya kugusa kadi yoyote, chomekeni pini kwenye kila mlango uliofungwa. Kisha mmoja achukue kizibo cha soda, kiwe ndiyo "mgeni", akitembeze kutoka mlango wa wavu wa nyuma hadi chumba cha wageni, akakifiche mahali, akirudishe chini sebuleni alikouawa Andrew, halafu akitoe nje, bila kupishana na Lizzie wala Bridget Sullivan, msichana wa kazi. Dakika kumi za zoezi hilo zinatosha meza nzima kuelewa kwa nini polisi walimng'ang'ania mtu wa ndani. Pini ni chache kuliko milango. Jazieni kwa punje za mahindi.

Uzi nao si pambo. Kuna mchoro wa ngazi ya mbele ukitazamwa kwa ubavu. Shikeni ncha moja kwenye usawa wa macho ya mtu anayekaribia kumaliza kupanda, nyingine kwenye sakafu ya chumba cha wageni: uzi unapita chini ya kitanda. Hivyo ndivyo jirani, Adelaide Churchill, alivyouona mwili wa Abby kabla hajafika juu. Sasa vuteni kadi ya Bridget: alipokuwa akihangaika na makomeo ya mlango wa mbele ili amfungulie Andrew, alimsikia Lizzie akicheka huko huko juu. Meza hugawanyika hapo, na msiharakishe.

Tatizo ni saa. Kesi hii ni ya dakika tupu, na mfasiri ameiharibu palepale. Kadi nyingine zinafuata saa zetu, nyingine zimeachwa kwa saa za kizungu. Ya Andrew inasema alitoka baada ya "saa 3 asubuhi", sawa kabisa. Ya Bridget inasema aliitwa na Lizzie "saa 11:10 asubuhi", yaani alfajiri, jogoo wanawika, na Andrew bado ana karibu saa sita za kuishi! Kundi lisiloshtuka mapema litamaliza usiku likimtafuta muuaji wa alfajiri. Dawa ni rahisi: kadi yoyote ya asubuhi yenye namba kuanzia 8 kwenda juu, toeni 6, muandike kwa penseli.

Ikinyooshwa, ratiba inakuwa hivi. John Morse, mjomba aliyelala pale usiku ule, anatoka kama saa 2:45. Andrew anafuata. Abby anauawa kati ya saa 3 na saa 4:30, na sehemu kubwa ya muda huo Bridget yuko nje anaosha madirisha. Andrew anarudi kama saa 4:45. Dakika chache kabla ya saa 5 Bridget anapanda chumbani kwake, juu kabisa chini ya paa, akajilaze. Saa 5:10 hivi anaitwa: baba ameuawa. Kwa Andrew, basi, muuaji alikuwa na dakika kama 15. Kwa Abby alikuwa na nafasi tele, na alikaa ndani ya nyumba au karibu nayo baadaye, pengine kwa zaidi ya saa nzima. Kadi za daktari zinaeleza vizuri namna ilivyojulikana nani alitangulia: damu ya Abby ilikuwa imeganda na kuwa nyeusi, ya Andrew bado mbichi, na chakula tumboni mwao kilikuwa kimesagwa kwa viwango tofauti. Zisomeni pamoja na kadi ya mirathi. Andrew angetangulia kufa, fungu la mali lingepitia kwa Abby kwenda kwa ndugu zake. Kwa kuwa Abby ndiye aliyetangulia, mabinti walirithi.

Makosa mengine ya tafsiri ni madogo ila yanapoteza muda. "Maggie" si mtu wa saba. Mabinti walimwita Bridget kwa jina hilo, la msichana wa kazi aliyemtangulia. Na kadi ya 31 inadai Lizzie alikuwa bandani akitafuta "sinki". Ni chubwi, vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi wa kuvulia samaki.

Kishoka kimetengenezwa kwa mkono wa fundi hasa. Mpini umevunjikia ndani ya tundu, mvunjiko ni mweupe na mpya, na chuma kimepakwa majivu, kama kile kilichokutwa chini ya nyumba na ambacho waendesha mashtaka wenyewe hawakuthubutu kuapa kwamba ndicho. Lakini majivu ni ya kweli na yanatoka. Mkikipitisha mkono kwa mkono, kadi zote zitakuwa na alama za vidole kufikia bahasha ya pili. Kiwekeni kwenye sahani, watu wakizungushe kwa kijiti.

Bahasha zisifunguliwe kwa mpangilio uliochapishwa. Ya tatu ina ushahidi wa Eli Bence wa duka la dawa, aliyesema Lizzie alifika siku moja kabla ya mauaji kutaka asidi ya prusiki, sumu kali. Mahakama ilikataa ushahidi huo usisikilizwe, na ikakataa pia maelezo ya Lizzie kwenye uchunguzi wa awali. Ukiufungua mapema, kesi imekwisha. Nendeni 1, 2, kisha 4, yenye habari za gauni lililochomwa jikoni Jumapili tarehe 7 Agosti mbele ya rafiki yao, Alice Russell, na Emma akieleza kuwa lilikuwa limechafuka rangi. Pigeni kura. Maelezo yanasema wengi wape, na ni kosa: wale wanaume 12 walitakiwa kukubaliana wote, na walimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Baada ya hapo fungueni ya tatu, mpige kura tena, muone nani amebadilika.

Ya tano iacheni na gundi yake. Inamtaja muuaji kwa jina, kwa uhakika ambao hakuna mahakama iliyowahi kuwa nao.

Mkirudisha sanduku, muuzaji anahesabu kadi 48, vibao na bahasha, anatikisa saa ya mbao sikioni, anawapa amana yenu. Pini hahesabu, ndiyo maana zimebaki tano.