Kujitawala kwa Mkoba: Nchi ya Basque na Katalonia

Mkazi wa Bilbao, mji wa Nchi ya Basque, anapojaza fomu ya kodi ya mapato huiwasilisha kwa hazina ya jimbo lake, Bizkaia, ilhali mwenzake wa Barcelona, Katalonia, huipeleka kwa mamlaka ya kodi ya dola ya Hispania. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo inaeleza mengi kuliko bendera zinazoning'inizwa madirishani.

Majimbo matatu ya Basque hukusanya karibu kodi zote, kisha huilipa serikali kuu ya Madrid mchango uitwao kupo, unaokokotolewa kwa asilimia 6.24 ya gharama za shughuli zilizobaki mikononi mwa serikali kuu, kama vile jeshi na balozi. Mkataba wa kodi unaoweka utaratibu huo ulianza mwaka 1878. Mwaka 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Jenerali Franco, aliyekuja kuwa dikteta wa Hispania, aliufuta kwa Bizkaia na Gipuzkoa ili kuziadhibu, akaiachia Araba iliyomuunga mkono, nao ukarejeshwa kikamilifu mwaka 1981.

Katalonia hupata mgawo kutoka kapu la pamoja la kodi za Hispania. Artur Mas, rais wa Katalonia wakati huo, aliomba mkataba wa kodi mwaka 2012, waziri mkuu wa Hispania Mariano Rajoy akakataa, na kura ya maoni ya uhuru wa Katalonia ya 1 Oktoba 2017, iliyozuiwa na mahakama, ilifuatwa na Madrid kutwaa madaraka ya mkoa.

Mkataba wa Basque haukuleta utulivu papo hapo, kwani ETA, kundi lenye silaha lililopigania uhuru wa Basque, liliendelea kuua baada ya 1981, na kwa jumla liliua zaidi ya watu 800 kabla ya kujivunja mwaka 2018. Wala hauhamishiki kirahisi: uchumi wa Katalonia ni takriban moja ya tano ya ule wa Hispania, na ikijitoa kapuni, mikoa maskini kama Extremadura itaumia mara moja.