Kliniki ya urembo Masaki: daktari nampa A, kishikwambi chao nakipa sifuri

Bei, maegesho, kama sehemu ya kusubiri ina kiyoyozi: hayo wenzangu wameshaandika, yatafuteni. Mimi nina la kusema kuhusu kile kishikwambi tu.

Nilikwenda kwa ajili ya ndita. Basi. Ile mistari miwili katikati ya nyusi ambayo, kwa miaka niliyosahihisha madaftari ya hesabu ya kidato cha pili, imechimbika hadi nikicheka watu wanadhani nagomba. Sikupeleka pua. Sikupeleka kidevu. Nasisitiza kwa sababu binti aliyenipokea aliamua vingine.

Binti mwenyewe ni rika la kitinda mimba wangu. Shikamoo hakuna, ni "Karibu mrembo, kaa hapa." Nikameza. Akanifunga nywele nyuma kwa kitambaa, akanipiga picha kwa kishikwambi uso mtupu, mwanga wa dirisha ukinipiga upande mmoja, na kabla sijauliza picha ni ya nini, vistari vya njano vikaanza kutambaa juu ya sura yangu. Kikatokea kitu kimeandikwa kwa wino mkubwa: 61.

"Sitini na moja ya nini?"

"Ya mvuto, mama. Kati ya mia. Usijali, wengi wanaanzia hapo. Yako imetanuka pua, tukijaza kidogo hapa juu ikainuka, tukagusa na kidevu, unafika themanini na tano."

Jamani. Mimi ndiye huwa natoa alama! Kwa viwango vya Baraza la Mitihani 61 ni C na 85 ni A, kwa hiyo nimeketi pale mtu mzima, nimeambiwa nina C ya sura, na kwamba A inauzwa, inakuja ndani ya sindano. Na dakika mbili nyuma nilikuwa mrembo.

Nikamuuliza wamekokotoaje. Akasema "uwiano wa dhahabu, ni sayansi." Hapo ndipo aliponikosea kabisa. Uwiano wa dhahabu naujua: chukua 1, jumlisha kipeuo cha pili cha 5, gawanya kwa 2, unapata 1.618 na ushee. Euclid, yule Mgiriki wa kale wa jometri, aliueleza akigawa mstari, hakuwa anapima pua za watu. Aliyeuvalisha uso kwa kishindo ni daktari mpasuaji wa Marekani, Stephen Marquardt, aliyechora kinyago cha mistari kwa uwiano huo akakiita kipimo cha uzuri. Wakosoaji walipokipima wakaona kinawakaa zaidi wanawake wa Kizungu, tena wenye sura zenye dalili za kiume, na kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara hakikai vizuri. Sasa nyie mnakileta Dar es Salaam kunipimia mimi?

"Unapima urefu wa uso kutoka wapi hadi wapi," nikamuuliza, "panapoanzia nywele au kwenye nyusi?" Maana ukihamisha nukta nusu sentimita jibu linabadilika, hata mwanafunzi wangu wa mwisho darasani analijua hilo. Akajibu: "Mfumo unajua wenyewe, mama."

Mfumo unajua wenyewe!

Niseme haki, utafiti wa sura upo na si upuuzi wote. Francis Galton, mtafiti Mwingereza, mwaka 1878 alirundika picha za wahalifu moja juu ya nyingine hadi zikawa picha moja, akitafuta sura ya uhalifu, akaishia kupata sura nzuri kuliko za wahalifu wenyewe. Mwaka 1990 wanasaikolojia Langlois na Roggman wakafanya kwa kompyuta: walichanganya sura za wanafunzi wa Texas, Marekani, hadi 32 katika picha moja, na watazamaji wakaziona sura za mchanganyiko zinavutia kuliko nyingi za mmoja mmoja. Yaani jicho linapenda wastani. Sawa, nakubali, wastani ni somo langu. Lakini wastani wa nani? Ukichanganya sura za Texas unapata pua ya Texas. Wachanganye abiria wa mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, halafu nirudishe mbele ya kishikwambi tuone kama pua ya marehemu baba yangu itaambiwa imetanuka.

Na kuna kilichonitisha zaidi ya kuniudhi. Anataka kunijaza pua, anavyoongea ungedhani anauza vocha. Pua! Mishipa ya damu ya hapo na ya katikati ya nyusi inaungana na ile inayolisha jicho. Fila, yaani hicho wanachojazia, ikiingia ndani ya mshipa inaweza kusukumwa hadi huko. Kuna mapitio ya mwaka 2015, ya daktari Beleznay wa Kanada na wenzake, waliokusanya visa 98 vya watu walioharibikiwa na macho baada ya kujazwa vitu usoni, mafuta ya mwili wao wenyewe yakiwemo. Sehemu iliyoongoza ni ndita, ikafuatiwa na pua. Nikamuuliza binti kama wana hayaluronidesi, dawa inayoyeyusha fila ya asidi ya hayaluroniki mambo yakiharibika. Akanitazama. "Hatujawahi kupata tatizo, mama."

Nilikuwa nimeshashika mkoba. Hapo ilikuwa nyota sifuri, na kama kungekuwa na chini ya sifuri ningeweka.

Ndipo akatoka daktari. Akanipa shikamoo yangu. Nikampiga maswali yale yale: kuhusu dawa ya kuyeyusha akafungua friji ndogo akanionyesha kichupa, na usajili wake wa Baraza la Madaktari umetundikwa ukutani nyuma yake. Nikamwambia habari ya pua, akasema, "Hiyo pua iache, mama, inakukaa." Kuhusu ndita akaniambia zisijazwe, zilegezwe kwa Botox, sindano ya kulegeza misuli, na akanisimulia ilivyoanza: Jean Carruthers, daktari wa macho wa Vancouver, alikuwa akitibu kope zinazojikaza, mgonjwa wake mmoja mwaka 1987 akaona sindano zinamwondolea na mikunjo, Jean akamwambia mumewe Alastair, daktari wa ngozi. Marekani waliiruhusu rasmi kwa ajili ya ndita mwaka 2002.

"Kunja uso kama umekuta mtu anaibia mtihani." Hilo halikunipa shida. Akaweka alama tano kwa kalamu nyeupe, akachoma haraka haraka, akaniambia nisisugue na nisilale kwa saa chache, nisubiri wiki mbili.

Na imefanya kazi, sitakuwa mnafiki. Ndita zimelala. Paji bado linacheza, sijawa sanamu. Darasani wanangu wamechanganyikiwa, maana walikuwa wanasoma hali ya hewa kwenye nyusi zangu. Sasa nafoka na uso umetulia, hawajui wakae kimya au waendelee. Kwa hiyo nilikuwa nimeamua nyota nne, na ile ya tano ningemwachia daktari siku atakapofungua kliniki yake mwenyewe. Nikirudi, na nitarudi kwa sababu dawa yenyewe inaisha nguvu baada ya miezi mitatu, minne hivi, nitampigia yeye.

Sasa juzi usiku ujumbe unaingia kwenye simu. Kutoka klinikini. Picha yangu ile ile, uso mtupu, kitambaa kichwani, vistari vya njano, na maneno: "Habari mrembo! Bado una alama 39 za kufikia mvuto wako kamili. Ofa ya pua mwisho wa mwezi."

Mume wangu ndiye aliyeufungua.

Nimewapigia wafute picha, wamesema "ipo kwenye mfumo." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nimewasomea kwenye simu, na malalamiko nimeshayaandika ya kupeleka kwenye Tume inayosimamia sheria hiyo. Nyota nne nimezishusha hadi moja, ya daktari. Siku nitakayopata uthibitisho kwa maandishi kwamba picha imefutwa, nitafikiria mbili.