Siku 12 kwa lori, Windhoek hadi Victoria Falls: tathmini ya safari ya kambi

Mwezi Julai nilijiunga na safari ya lori la kambi iliyoanzia Windhoek, ikapita Hifadhi ya Taifa ya Etosha na ukanda wa mto Kavango nchini Namibia, ikaingia Botswana kwa ajili ya Okavango na Chobe, kisha ikaishia Victoria Falls nchini Zimbabwe. Tulikuwa abiria 18, kila mmoja na shanta yake na mfuko wa kulalia, tukisimamisha mahema wenyewe na kupokezana zamu za kupika na kuosha vyombo. Kampuni sitaitaja, kwa kuwa ratiba kama hii inauzwa na wengi na mengi nitakayoyasema yanahusu jinsi ilivyopangwa.

Sisi tunaotoka Tanzania tumezoea kumfuata mnyama: gari linazunguka, dereva anasikiliza redio, na simba akionekana magari yanamzingira. Etosha wakati wa kiangazi mambo huenda kinyume chake, kwani maji ni machache na kila kiumbe lazima ayafuate, hivyo mtu aliyekaa kimya kando ya dimbwi huona mengi kuliko anayezunguka kutwa nzima. Katika kambi ya Okaukuejo kuna dimbwi linalomulikwa kwa taa usiku kucha, na kati yake na watu pana ukuta mfupi na mabenchi tu. Nilikaa hapo nikiwa nimejifunika blanketi, maana baridi ya Julai katika nchi ile hupenya hadi mifupani, tangu baada ya chakula cha jioni hadi saa nane za usiku. Twiga walitangulia, wakasita muda mrefu kabla ya kutanua miguu na kuinama. Baadaye kifaru mweusi alitoka gizani, kisha wa pili akiwa na ndama, na sura zao zikaonekana mara mbili, juu ya ardhi na ndani ya maji. Tembo walipofika, weupe kwa vumbi la chumvichumvi la Etosha, vifaru waliwapisha bila ugomvi. Kifaru niliyewahi kumwona Ngorongoro alikuwa nukta nyeusi ndani ya darubini. Hawa niliwasikia wakinywa.

Kwa sababu hiyo lawama yangu kubwa ni kwamba tulipewa usiku mmoja tu mahali hapo. Alfajiri tulivunja kambi na kuelekea Namutoni, kambi nyingine ya Etosha takriban kilomita 140 upande wa mashariki, na ingawa njiani tuliwaona choroa, punda milia na makundi makubwa ya swala aina ya springbok, tuliwaona kwa haraka. Lori lina faida ya urefu, kwani macho hupita juu ya vichaka vya mopane, lakini mnyama akiwa upande wa kushoto, nusu ya abiria huona migongo ya wenzao. Gari la wazi la kukodi lilikuwepo kwa malipo ya ziada. Nililipa, na sikujuta, ila gharama hiyo ilipaswa kutajwa tangu mwanzo.

Maandalizi ya mpakani yalikuwa dhaifu. Botswana hudhibiti vikali ugonjwa wa miguu na midomo, na nyama mbichi hairuhusiwi kuvuka hovyo, lakini mpishi wetu alikuwa amenunua nyama ya siku mbili upande wa Namibia, ikachukuliwa yote kwenye kituo cha mpaka cha Mohembo. Kampuni inayopita njia hiyo mara kwa mara haina udhuru kwa hilo.

Okavango ilinifariji. Mvua inayonyesha katika nyanda za juu za Angola huchukua miezi kufika, kwa hiyo delta hufurika wakati nchi inayoizunguka imekauka, nasi tuliikuta imejaa. Tuliingia kwa mokoro, mtumbwi mwembamba unaosukumwa kwa pondo, na aliyetuongoza alisimama nyuma akiupenyeza katikati ya matete bila kelele yoyote. Mitumbwi mingi siku hizi ni ya faiba badala ya magogo, jambo linaloinusuru miti mikubwa, na sikuona kwamba safari imepungua ladha kwa hilo. Asubuhi tulitembea kwa miguu kisiwani, tukisomewa nyayo na vinyesi na watu waliokulia huko. Hapa tulilala usiku mbili, na tofauti ilionekana wazi.

Kutoka Maun hadi Kasane ni siku nzima ya barabara, na hakuna la kusimulia isipokuwa tembo waliovuka lami baada ya Nata. Jioni iliyofuata tulipanda boti kwenye mto Chobe. Kundi la tembo liliogelea hadi kisiwa cha Sedudu, ambacho Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 1999 kuwa ni cha Botswana, wadogo wakiwa katikati na mikonga imeinuliwa juu ya maji. Nahodha alizima injini mapema na kuliacha kundi lipite, nami namheshimu kwa hilo.

Kwa mwenye pasi ya Tanzania, nchi zote tatu hazikudai viza. Wenzangu kutoka Ulaya walipanga foleni mpakani Kazungula kulipia ya KAZA, viza moja inayotumika Zambia na Zimbabwe. Bei iliyotangazwa haikujumuisha boti, gari la wazi wala kiingilio cha maporomoko, basi ulizeni orodha kamili kabla ya kulipa.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano ningeitoa kama siku ya Namutoni ingefutwa na usiku wake kuongezwa Okaukuejo.