Kupandisha matawi na magogo mteremkoni: ununue nini kwanza

Ukishafyeka vichaka vya nyuma ya nyumba na kukata miti, huwa kunabaki rundo bondeni na njia iko juu. Wengi hukimbilia kununua toroli. Mimi naliweka mwisho kabisa, na sababu ni hesabu ndogo: kwenye mteremko wa nyuzi 30, mzigo wa kilo 80 unakuvuta kurudi chini kwa nguvu ya kama kilo 40, kabla hujahesabu msuguano wa ardhi. Toroli linakudai nguvu hiyo huku ukilisawazisha juu ya gurudumu moja na miguu inateleza. Likikuponyoka, linarudi na mzigo wote.

La kwanza kununua ni kamba, makapi mawili (vigurudumu vyenye mfereji wa kupitishia kamba) na turubai zito. Kapi moja lifunge kwenye mti imara juu kwa mkanda mpana, maana kamba nyembamba au mnyororo hukata gome. Hilo halipunguzi nguvu, ila linakuruhusu kuvuta ukielekea chini au pembeni, uzito wa mwili wako ukisaidia. Kapi la pili lifunge kwenye mzigo wenyewe, na ncha ya kamba ifungwe juu. Hapo nguvu unayohitaji inapungua karibu nusu, ingawa kwa kila mita 10 mzigo unazopanda utavuta mita 20 za kamba. Nunua kamba ndefu kwa hesabu hiyo, usije ukaishiwa katikati.

Chagua kamba ya poliesta kuliko ya nailoni. Nailoni hunyumbuka sana, na ikikatika ikiwa imekazwa hurudi kama mjeledi. Unene wa milimita 10 hadi 12 unashikika vizuri mkononi. Soma pia uzito ulioandikwa kwenye kapi na kwenye ndoano. Kifaa kisichoandikwa chochote kiache dukani.

Matawi yapange juu ya turubai yote yakiwa na vikonyo mbele, upande uliokatwa. Ukiyageuza, kila kitawi kitanasa kwenye kisiki. Kwa magogo mafupi, kihori kigumu cha plastiki, kama beseni refu la kuburuta, huteleza vizuri kuliko turubai na hakitoboki kirahisi.

Nafasi ya pili ni winchi ya mkono, yaani kifaa cha kuvuta mzigo kwa waya, yenye mpini wa kusukuma na meno ya kuzuia. Kwa gogo moja zito haina mpinzani, kwani ukipumzika mzigo haurudi. Kwa matawi inachosha: waya wake ni wa mita chache tu, kisha unafungua na kufunga upya.

Ya tatu ni winchi ya injini, na hapa angalia aina. Ile ambayo kamba huzungushwa tu kwenye ngoma bila kuhifadhiwa humo hutumia kamba ya urefu wowote, nayo inafaa kwa kazi ya kila msimu. Winchi ya umeme ya gari hupata moto haraka na huhitaji kupumzishwa. Kwa rundo la mara moja, azima au kodi.

Winchi au makapi, asisimame mtu chini ya mzigo wala kando ya kamba iliyokazwa. Na kama huna haraka, acha matawi wiki kadhaa kabla ya kuvuta. Majani hukauka, mti mbichi hupoteza maji, na huenda ukagundua winchi huihitaji.