Nimenunua taa ya laki tatu na nusu

Jamani hili jambo limenikaba, ngoja niliseme. Kuna kidude cha DAC, kile unachomeka kati ya simu na hedifoni kigeuze muziki wa kidijitali kuwa sauti, nilinunua Kariakoo laki tatu na nusu na kwa kweli nilinunua kwa sababu ya taa. Ukicheza wimbo wa MQA, ule mfumo wa kubana muziki uliouzwa kama sauti ya studio, taa inawaka bluu, muuzaji alinionyesha palepale, bluu hiyoo, "kaka hapa ni kama umekaa studio". Nikalegea.

Nikala raha miezi kadhaa. Jioni moja naweka albamu ileile, taa nyeupe. Nachomoa nachomeka, nabadilisha waya, nafuta apu naiweka upya mpaka bando likakata, nyeupe tu. Kumbe kampuni ya MQA ilishayumba tangu 2023, ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi ikanunuliwa na wengine, na apu ya muziki ninayolipia ikahamia zake FLAC, mfumo mwingine unaobana wimbo bila kupoteza sauti. Labda walituma ujumbe, sikuuona.

Nikarudi dukani. Kijana yuleyule hata macho hakuinua kwenye simu yake, nimemweleza weee, mwisho ananiuliza, "Kwani mzee unasikiliza mziki au unasikiliza taa?" Wateja wakacheka. Mzee! Nilipokuwa na laki tatu na nusu mkononi nilikuwa kaka.

Nikaapa hizi habari za hai-rezi, yaani muziki wa kidijitali wenye undani kuliko CD, basi. Na ukiangalia hata wenye biashara wenyewe wanasitasita, Apple Music wanaitoa bila kuongeza bei tangu 2021, Spotify walitangaza sauti isiyopunguzwa mwaka huohuo wakaja kuileta 2025 na wakaishia biti 24 kwa kilohezi 44.1, mambo ya kilohezi 192 hawakugusa. Wimbo wa dakika nne kwa 24/192 unaweza kula MB 150, bando gani hilo, halafu mpwa wangu anausikiliza kwa bluetooth inayoubana tena njiani. Nani atakuja kulipia hii kitu?

Sasa juzi umeme ukakatika. Feni kimya, friji kimya, nikaweka taarabu ya zamani, FLAC ya biti 16 tu wala si hai-rezi, taa yangu nyeupe hiyo. Aisee. Nikasikia ukucha unakwaruza waya wa udi kabla sauti haijatoka, na yule mama anavuta pumzi kabla ya beti. Nikachomoa kidude nikachomeka hedifoni kwenye simu tupu, udi ukarudi nyuma kama umefunikwa kanga. Nikakirudisha haraka. Inawezekana ni feni kuzima tu, siapi, ila nimekaa gizani mpaka simu imefika asilimia nne.

Basi kidude nakipa nyota nne, tano ningetoa bila lile duka. Kijana yule sijamsamehe. Na nikicheza wimbo bado jicho linakwenda kwenye taa.