Vioo vinne mbele ya lenzi: miezi mitano na wadudu wa bustani ya bibi

Bibi yangu ana bustani nyuma ya nyumba, hapa Wete, Pemba. Si kubwa. Kuna asumini, waridi, mlangilangi mmoja uliokwishapita paa, hibiskasi nyekundu ukutani, mbilingani pembeni, na mrehani kila palipobaki nafasi. Maua hayo ndiyo anayofungia vikuba vya harusi, vile vifungu vidogo vya maua ya kunukia. Mimi kazi yangu ni kupiga picha kwenye harusi hizohizo, na kwa miaka nilipita bustanini kwenda kazini bila kusimama. Tangu Februari nasimama karibu kila asubuhi, kwa sababu ya vioo vinne vya duara vya kupigia picha vitu vidogo kwa karibu, nilivyonunua Darajani, Unguja, kwa shilingi 38,000.

Lenzi halisi ya makro, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ikiwa mpya, aghalabu hupita shilingi milioni moja. Sina. Hivi vioo kila kimoja kimebinuka kidogo na kimevishwa pete ya chuma yenye hesi. Unakizungusha mbele ya lenzi uliyonayo kama unavyofunga kifuniko cha chupa. Mimi navivalisha lenzi ya milimita 18–55 iliyokuja na kamera yangu kuukuu. Vimeandikwa +1, +2, +4 na +10. Hizo ni dayopta, kipimo kilekile cha miwani ya kusomea. Gawa mita moja kwa namba hiyo upate umbali: fokasi ya lenzi, yaani pale inapoona wazi, ikiwa mbali kabisa, +1 inaona sawasawa kitu kilicho mita moja, +2 sentimita 50, +4 sentimita 25, +10 sentimita 10. Ukizungusha fokasi kuja karibu, umbali unapungua tena na mdudu anazidi kuwa mkubwa. Kingine kilichonifurahisha, vioo havili mwanga, tofauti na zile pete tupu zinazowekwa kati ya kamera na lenzi.

Kabla hujatoa pesa, soma namba iliyo kwenye uso wa lenzi yako, pembeni ya alama ya duara lililokatwa na mstari. Yangu ni 58, yaani upana wa hesi kwa milimita. Muuzaji wa kwanza alinipa seti ya 52 akaniapia kuwa zote ni sawa. Nikavuka nayo hadi Pemba, haikukaa, ikabidi nimpe ndugu yangu anayesafiri airudishe, na wiki mbili zikapotea. Jambo hilo liliniudhi, kwani hesi ni kitu cha kupimwa palepale kaunta.

Nianze na +10, maana ndiyo inayomvutia kila mtu. Katikati inatoa picha kali hasa. Kingo zinalainika, na ubawa ukipigwa na jua unapata uzi wa zambarau pembeni. Sababu ni kwamba ni kioo kimoja tu, na kioo kimoja hupinda kila rangi kwa kiasi chake. Vile vya bei kubwa hugandishwa viwili pamoja ili kimoja kisahihishe kosa la mwenzake. Nikifunga tundu la lenzi hadi f/11 ulaini unapungua sana, kwa hiyo nakaa hapo, spidi 1/250 ya sekunde au zaidi, na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, 400 hadi 800. Hata hapo, sehemu inayoonekana wazi ina unene wa milimita mbili hivi. Jicho la nyuki likiwa wazi, mgongo wake umeshapotea. Kwa +4 unapata karibu sentimita nzima, na ndiyo maana +4 ndiyo isiyotoka kwenye lenzi yangu siku nyingi. Unaweza kuvipandisha viwili vitatu pamoja, chenye nguvu kikitangulia upande wa kamera, lakini kila kioo unachoongeza kinaondoa ukali kidogo. Mimi huishia viwili.

Fokasi ya kujiendesha izime, itakuchosha. Napiga goti, naegemeza viwiko, nayumba mbele kidogo kidogo na kubonyeza pale jicho la mdudu linapong'aa. Picha arobaini, nabaki na mbili. Nenda mapema, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, kwani mwili wa mdudu hupata joto lake kutoka nje na asubuhi bado ni mzito. Vunjajungu wa saa moja anakaa kama aliyepangiwa zamu. Ikifika saa tatu nyuki hangoji mtu.

Mrehani ndio ulionishika. Vijiua vyake vyeupe ni vidogo mno, kwa macho unaona vumbi tu la maua, lakini ukivaa +10 kila kimoja kina mdomo wake na nyuzi zake zimetokeza nje. Nyuki akitua kijiua kinainama kwa uzito wake. Nimepata picha moja inayoonyesha macho yake yana malaika, nywele fupi zimesimama juu ya jicho lenyewe, na miguu ya nyuma imebeba chavua iliyoshindiliwa mabonge mawili. Nilimwonyesha bibi kwenye kioo cha kamera. Akavaa miwani, akakaa kimya, kisha: "Kumbe mzigo wake aufunga miguuni! Nami miaka yote namfukuza kwa upande wa kanga." Siku hizi akikata mrehani huacha kichaka kimoja kando ya kisima, kimechanua, hakiguswi.

Kwenye hilo fungu la picha za nyuki niligundua kwamba wengine si nyuki kabisa. Wana mistari ya njano na nyeusi, wanasimama hewani juu ya ua, lakini mabawa ni mawili, na nyuki ana manne. Ni nzi aliyevaa rangi za nyuki ili asiliwe. Vipapasio vyake ni vifupi, na macho yamejaa karibu kichwa kizima. Kwa macho matupu nisingemjua.

Halafu yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti. Anapenda maua ya mbilingani, na hapo +4 inatosha kabisa. Chavua ya mbilingani imefungiwa ndani ya vijifuko vya njano vyenye tundu dogo nchani, haitoki kwa kuguswa tu. Huyu anavikumbatia, anatetemesha misuli ya kifua, na chavua inamwagika tumboni kwake. Nyuki wa asali hajui kufanya hivyo. Unasikia mlio ukibadilika ghafla, unakuwa mwembamba, na ukitazama picha mabawa yake yametulia mgongoni ilhali sauti iko palepale. Nimerudi kwenye mbilingani hizo asubuhi sita mfululizo kwa ajili ya mlio huo, na kamera haiwezi kuuonyesha.

Kwa vipepeo chukua +2. Sentimita 50 ni adabu nzuri kwao. Aprili nilipokwenda Unguja nilipitia kituo cha vipepeo cha Pete, jirani na Jozani, na humo ndani ya wavu +2 ilinipa picha nyingi kuliko nilizopata Wete mwezi mzima. Kwa +10 nilithubutu mara moja tu, kwa mmoja aliyelala chini ya jani, na ule unga unaotubakia vidoleni ukaonekana ni magamba, yamepangwa safu kwa safu kama vigae.

Mwanga wa mchana wetu ni mkali mno kwa kazi hii. Hibiskasi nyekundu inageuka doa tupu, mishipa ya petali yote imeungua, hivyo punguza mwanga wa picha hatua moja au uende penye kivuli. Flashi iliyo juu ya kamera haifai kwa +10, kwani lenzi yenyewe inatia kivuli juu ya ua. Natumia karatasi nyeupe ngumu, naishika upande wa pili irudishe jua. Na mwangalie nani yuko juu yako. Nikimfuata buibui mweupe aliyejificha kwenye waridi, nilisimama chini ya tawi la mwembe lenye kiota cha majimoto, wale sisimizi wekundu wanaouma. Aliyewahi kuchuma karafuu hahitaji kuelezwa.

Wakati wa masika niliviacha vioo kwenye mkoba wa kitambaa vilivyokuja nao. Kioo cha +2 kikaanza ukungu, nyuzi nyembamba kama za buibui, kwenye ukingo. Nilikifuta mapema kikapona, ila sasa vyote vinakaa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Mkoba ule haufai kwa hewa ya visiwani. Hesi ya +10 nayo hukwama ikiingia chumvi. Pangusa kila urudipo.

Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi na bajeti kama yangu, nunua. Kama muuzaji hufungua seti na kuuza kimoja kimoja, chukua +4 na +10, uiache +1, kwani sijaitumia hata mara tatu.

Kilichonishinda hadi leo ni asumini. Bibi huchuma vitumba vyake jioni kabla havijafunguka, na nimemwomba aniachie tawi moja. Vinafunguka usiku, harufu inajaa uani kote, na nondo wanakuja. Nimejaribu kwa +4 na tochi iliyofungwa kitambaa cheupe, lakini hii ni Julai, kusi inavuma, tawi halitulii hata nukta moja. Nimelifunga kwa uzi kwenye kijiti cha mhogo. Bado linacheza.