Meza ya Kompyuta kwa Kipimo cha Mtumiaji: Tathmini ya Kazi ya Seremala wa Keko

Anayefanya kazi za kompyuta nyumbani jijini Dar es Salaam ana njia mbili za kupata meza: kununua iliyokwisha kutengenezwa, ambayo mara nyingi ni ya chipubodi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) iliyofunikwa kwa tabaka lenye sura ya mbao, au kuagiza kwa seremala. Mimi niliagiza katika karakana moja ya Keko, wilayani Temeke, na meza hiyo nimeifanyia kazi za uhasibu wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Imenifaa kuliko meza zote nilizowahi kupewa ofisini. Wageni wanaoiona husifia mbao zake, ilhali kwangu mbao ni jambo la pili. La kwanza ni kimo.

Maseremala wengi hutengeneza meza yenye kimo cha inchi 30, yaani takribani sentimita 76, na meza za dukani nazo hazipungui sana hapo. Kimo hicho kinamfaa mtu mrefu, au mtu anayeandika kwa kalamu akiwa ameinama kidogo, lakini hakimfai mtu wa wastani anayechapa kwa saa nyingi. Mimi nina urefu wa sentimita 160 hivi, na nikiketi nyayo zikiwa zimetulia sakafuni na mikono ikiwa imelegea ubavuni, viwiko vyangu huwa karibu sentimita 65 kutoka chini. Kwenye meza ya inchi 30 hulazimika ama kuinua mabega kutwa nzima, ama kupandisha kiti hadi miguu ining'inie na ukingo wa kiti ukabana mapaja kwa chini. Kwa hiyo niliagiza inchi 26.

Fundi aliposikia kipimo hicho aliuliza, kwa adabu, “Dada, hii ni ya mtoto wa shule au ni ya kwako mwenyewe?” Nilipomweleza sababu, alichukua tepu, akaniketisha kwenye stuli, akapima kutoka sakafuni hadi kiwiko na kutoka sakafuni hadi juu ya paja, kisha akaandika vipimo vyote viwili kwenye kipande cha ubao. Alisema wateja wake wengi humletea picha kwenye simu na kumtaka aifuatishe. Kwa tendo hilo la kupima tu ningempa alama za juu, kwa maana kipimo cha paja ndicho kilichoamua umbo zima la meza.

Hesabu yake ni hii. Sehemu ya juu ya mapaja yangu nikiwa nimeketi iko karibu sentimita 57 kutoka sakafuni. Meza yenye kimo cha sentimita 66 na ubao wa unene wa inchi moja huacha nafasi ya sentimita sita au saba juu ya mapaja, na nafasi hiyo inatosha kusogea na kukunja mguu. Lakini ukiweka droo chini ya ubao, au ule mkanda wa mbao ambao kwa desturi huzungushwa kuunganisha miguu, nafasi yote hiyo inaliwa na magoti yanagonga. Ndiyo maana meza hii haina droo wala mkanda wa mbele, jambo ambalo fundi alilipinga kwa hoja nzito kwamba meza isiyo na mkanda hutikisika. Tulikubaliana kwamba ubao utabebwa na fremu ya mabomba ya chuma ya mraba yenye unene wa inchi moja na nusu, iliyorudishwa nyuma ya magoti, na kwamba ugumu utatokana na ubao mpana uliofungwa wima kati ya miguu ya nyuma. Nikichapa kwa nguvu, bilauri ya maji iliyo juu ya meza haitikisiki.

Upana ni futi tano na kina ni inchi 30. Kina nakisisitiza kwa sababu ndipo meza nyingi za bei nafuu hubania: kwenye meza ya inchi 20, skrini ya inchi 24 pamoja na kitako chake hukaa karibu mno na uso, na kibodi inasukumwa hadi ukingoni ambako viganja havina pa kutulia. Skrini inapaswa kuwa umbali wa mkono ulionyooshwa, kati ya sentimita 50 na 70 kwa watu wengi, na ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho au chini yake kidogo. Baadaye nilifunga mkono wa kubebea skrini, ule unaobana ukingo wa meza, na hapo faida ya mbao ngumu ilionekana, kwani kibano chake huweza kudidimiza chipubodi lakini kwenye mninga, mbao ya meza hii, hakikuacha hata alama. Anayenunua mkono kama huo aangalie kwanza nyuma ya skrini kama kuna matundu manne ya skrubu yaliyopangwa kwa mraba wa milimita 75 au 100, kwa maana skrini nyingine za bei ya chini hazina.

Kuhusu mbao yenyewe nina mengi ya kusema. Mninga ni mti wa misitu ya miombo, na mbao zake hutoka zaidi mikoa kama Tabora na Katavi. Seremala huupenda kwa sababu hausumbui randa na, ukikauka vizuri, haupindi ovyo hali ya hewa inapobadilika. Sharti ni huo ukaukaji. Mbao iliyopasuliwa juzi ina maji mengi ndani yake, na mahali penye unyevu kama pwani yetu inapaswa kushuka hadi karibu asilimia 12 au 15 kabla ya kuunganishwa. Vinginevyo itaendelea kunywea ikiwa ndani ya nyumba, hasa katika chumba chenye kiyoyozi, na maungio yataachia. Mbao hunywea na kuvimba kwa upana, si kwa urefu, hivyo ubao mpana uliokazwa kwa skrubu kwenye fremu ya chuma kila upande hauna pa kwenda isipokuwa kupasuka. Fundi huyu alilijua hilo bila kuambiwa. Matundu ya skrubu kwenye fremu aliyatoboa kwa urefu kidogo, ili skrubu ziteleze ubao unapovimba masika na kunywea kiangazi. Ni jambo dogo lisiloonekana mpaka ulale chini ya meza, na kwangu ndilo linalotofautisha fundi na mtu mwenye msumeno.

Nilipewa pia chaguo la paini, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka mashamba ya Mufindi, na ni rahisi mno kwa bei. Sikuichukua kwa sababu ni laini, kalamu huacha mifereji juu yake, na skrubu zinazofunguliwa na kufungwa mara kwa mara hulegea. Mtiki nao ulikuwepo. Kwa anayejali hali ya misitu ya asili, na mimi hilo lilinipa mawazo, mtiki una heshima yake kwa kuwa hupandwa katika mashamba kama Longuza huko Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, wakati mninga huvunwa msituni. Mteja anayechagua mninga aulize kama mbao zina vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu. Karakana hii ilinionyesha bila kununa.

Umaliziaji ulihitaji ubishi. Kwa mafundi wengi meza nzuri ni meza inayong'aa, lakini vanishi inayong'aa hurudisha mwanga wa taa na wa dirisha machoni mwa anayefanya kazi, na hilo huchosha kabla ya saa sita mchana. Niliomba vanishi isiyong'aa juu ya tabaka mbili za sila, ile rangi ya awali ya kuziba vinyweleo vya mbao, zilizopigwa msasa laini. Matokeo ni uso mtulivu ambao hauonyeshi alama za vidole, ingawa harufu yake ilikaa chumbani kwa muda mrefu kuliko nilivyoahidiwa, ikabidi madirisha yawe wazi hata usiku wa mbu.

Unadhifu wa meza ya kompyuta hauko juu ya meza; uko chini yake, kwenye nyaya. Nilimwomba fundi wa kuchomelea wa jirani na karakana atengeneze trei ya wavu wa chuma, ndefu kama futi tatu, ifungwe chini ya ubao kwa nyuma, sentimita kumi kutoka ukingoni. Ndani yake inakaa ekstensheni moja yenye swichi, adapta ya kompyuta mpakato, adapta ya skrini na ile ya ruta, na nyaya zote zimefungwa kwa vipande vya velkro, si kwa vile vifungo vya plastiki ambavyo kila ukibadilisha kifaa ni lazima uvikate kwa mkasi, huku ukiomba usikate na waya. Kutoka mezani hadi ukutani unatoka waya mmoja tu. Anayefagia anapita bila kung'oa kitu, na siku ya kupiga deki hakuna kinachookotwa sakafuni.

Kuna wanaopendekeza sanduku la kufungwa badala ya wavu. Kwa joto la Dar es Salaam sishauri, kwa sababu adapta zinahitaji kupumua. Na sanduku lenye giza na uvuguvugu, kila mwenye nyumba pwani anajua litapata wapangaji gani, wenye mabawa na wasio na mabawa. Ekstensheni hiyo iwe ya vifaa vya kompyuta tu. Plagi zetu zenye pini tatu za bapa zina fyuzi isiyozidi ampea 13, kiasi kinachozidi kwa mbali mahitaji ya kompyuta na skrini, lakini pasi na birika la umeme vikichomekwa pamoja juu ya waya huohuo vitauchemsha.

UPS, kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme unapokatika, ilikuwa na mahali pake katika mchoro tangu mwanzo: kibao kidogo kati ya miguu ya nyuma, inchi nane kutoka sakafuni. Ni nzito kwa betri yake ya risasi, kwa hiyo haifai kuning'inizwa kwenye trei, na kuiweka sakafuni ni kuikaribisha kwenye maji ya deki. Ya VA 650 inanitosha kuhifadhi kazi na kuendelea kidogo umeme unapokatika, kwa vile kompyuta mpakato, skrini na ruta kwa pamoja havifiki wati 150. Isikae mahali pa joto. Kwa betri za aina hiyo, kila joto linapozidi nyuzi 25 kwa nyuzi nane au kumi hivi, umri wa betri hupungua karibu nusu, na katika chumba kisicho na kiyoyozi hilo si la nadharia.

Meza nzuri ikiwekwa vibaya haisaidii. Dirisha liwe ubavuni, si nyuma ya mgongo ambako hujionyesha kwenye skrini, wala mbele ambako humulika macho. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana huwa upande wa kaskazini tangu mapema Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, na dirisha la kaskazini linahitaji pazia jepesi kipindi hicho. Madirisha ya mashariki na magharibi husumbua mwaka mzima kwa jua la chini. Ilipoletwa, meza yangu iliwekwa ikitazama ukuta, dirisha likiwa kushoto, na taa ndogo ya mezani nikaiweka upande wa pili.

Kiti hakikutoka Keko, na sitakisemea sana. Ni cha ofisi, cha mtumba, chenye kiti cha wavu kinachopitisha hewa na gesi inayopanda na kushuka sawasawa. Kwa wanaovizia Aeron ya Herman Miller katika maduka ya mitumba, kiti kilichoingia sokoni mwaka 1994, wapapase nyuma ya ukingo wa juu wa egemeo: kuna vinundu vidogo, kimoja kwa saizi A, viwili kwa B na vitatu kwa C, na wauzaji wengi hawavijui.

Nirudi kwa fundi, kwa kuwa yapo ya kulalamikia. Meza ilichelewa kupita tarehe tuliyoandikiana, na simu zangu zilijibiwa kwa “kesho jioni” mara nyingi kuliko inavyostahili kwa mtu aliyekwisha kupokea kianzio cha nusu ya bei. Tundu la kupitishia nyaya lilitobolewa kushoto wakati mchoro ulionyesha kulia. Alilitoboa jingine na kuliziba la kwanza kwa kipande cha mninga chenye nyuzi zinazofuatana na za ubao, kazi safi kiasi kwamba nimeiacha wazi bila kuifunika. Bei ilikuwa shilingi 580,000 bila usafiri, karibu mara mbili ya meza ya dukani ya ukubwa unaokaribiana. Anayehama nyumba kila mwaka, au anayehitaji meza wiki hii, anunue ya dukani, mradi tu aweke vikombe vya mpira chini ya miguu yake, kwa sababu chipubodi hufyonza maji ya deki na kuvimba kuanzia chini.

Atakayeagiza amwambie fundi mapema kwamba miguu ifungwe kwa bolti na nati badala ya kuchomelewa moja kwa moja. Yangu ilisafiri kwa kirikuu ikiwa vipande vitatu, ikapita kwenye ngazi nyembamba hadi ghorofa ya pili, na ikafungwa kwa spana moja.